Dakika 14 za Shanghai: gharama ya breki ya soko la hisa

Alhamisi ya tarehe 7 Januari 2016, masoko ya hisa ya Shanghai na Shenzhen yalifunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za kule. Saa 3:42 biashara ikasimamishwa. Ikarejea saa 3:57, na kufika saa 3:59 ikafungwa tena, safari hii hadi kesho yake. Ukijumlisha muda ambao mtu angeweza kuuza au kununua hisa siku hiyo, unapata takriban dakika 14. Kwa kawaida China hufanya biashara ya hisa kwa dakika 240 kwa siku, saa mbili asubuhi na saa mbili mchana. Wenye hisa walipata chini ya asilimia 6 ya siku yao.

Hakuna mtambo ulioungua wala benki iliyofilisika asubuhi ile. Soko lilifungwa na kanuni iliyotungwa ili kulituliza, nayo ilikuwa katika siku yake ya nne tu ya kazi. Siku hiyohiyo haikuisha kabla Tume ya Kusimamia Dhamana ya China haijatangaza kwamba kanuni hiyo inasitishwa kuanzia tarehe 8.

Tupige hesabu ya ukubwa wa jambo lenyewe. Mwisho wa mwaka 2015, kampuni zote zilizoorodheshwa Shanghai na Shenzhen zilikuwa na thamani ya karibu yuani trilioni 53. Asilimia moja ya fedha hizo ni yuani bilioni 530. Soko la namna hiyo likishuka kwa asilimia 7, yuani trilioni 3.7 zimeyeyuka, yaani dola bilioni 570 hivi kwa kiwango cha ubadilishaji cha wiki ile. Na lilishuka kiasi cha namna hiyo mara mbili ndani ya siku nne. Ni thamani ya kwenye karatasi, na si sahihi kuibebesha kanuni peke yake mzigo wote huo. Lakini kwa ukubwa huo, tarakimu moja iliyochaguliwa vibaya ndani ya kanuni ina bei yake.

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi. Ilifuata kiashiria cha CSI 300, kinachopima hisa 300 kubwa za masoko yote mawili. Kiashiria kikipanda au kushuka kwa asilimia 5 kulinganisha na bei ya kufunga ya jana yake, biashara yote inasimama kwa dakika 15. Kikifika asilimia 7, soko linafungwa hadi kesho. Na kama ile asilimia 5 inafikiwa kuanzia saa 8:45 mchana, robo saa kabla ya kufunga, hakuna kufungua tena siku hiyo. Nia ilikuwa njema: wauzaji wavute pumzi, wanunuzi wapate nafasi ya kuziona bei zilizoporomoka, madalali wakusanye fedha za dhamana kutoka kwa wateja wao.

Walioitunga hawakuwa na papara isiyo na sababu. Kati ya Juni na Agosti 2015, kiashiria kikuu cha Shanghai kilikuwa kimeshuka kutoka 5,166 hadi 2,927, sawa na asilimia 43 ndani ya wiki zisizofika 11. Serikali ilitaka chombo cha kuzuia mporomoko mwingine. Breki za aina hii zilikuwepo Marekani kwa zaidi ya robo karne, na China iliazima wazo. Haikuazima vipimo. Marekani, kwa kanuni inayotumika tangu 2013, husimama mara ya kwanza kwa asilimia 7, mara ya pili kwa 13, na kufunga siku kwa 20. Kati ya kituo cha kwanza na cha pili kuna asilimia 6. China iliacha 2.

Katika soko ambalo lilikuwa limezoea kutikisika kwa asilimia 5 kwa siku, pengo la 2 ni jembamba mno. Kila mtu aliyekuwa na kikokotoo aliweza kuliona. Ndipo matatizo yalipoanzia.

Jumatatu ya tarehe 4 Januari ilikuwa siku ya kwanza ya biashara ya mwaka, na siku ya kwanza ya kanuni. Asubuhi ilitoka taarifa kwamba kipimo cha Caixin cha shughuli za viwanda kwa Desemba kilikuwa 48.2; kuwa chini ya 50 maana yake viwanda vinasinyaa. Bei zilishuka taratibu tangu asubuhi, na dakika chache baada ya saa 7:10 CSI 300 ikagusa asilimia 5. Dakika 15 zikapita. Soko lilipofunguliwa, halikuchukua hata dakika saba kufika asilimia 7. Kilichochukua zaidi ya saa mbili kushuka asilimia 5 za kwanza kilimaliza asilimia 2 zilizobaki kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Siku mbili zilizofuata zilipita salama, kukiwa na nafuu kidogo. Kisha ikaja Alhamisi, ambapo asilimia 2 za mwisho zilimalizika kwa dakika moja au mbili.

Ukiziweka pamoja siku hizo nne, dakika 960 za biashara zilizopangwa, karibu theluthi moja hazikufanyika.

Sasa mchukulie mwekezaji mmoja wa mfano, maana hapa ndipo hesabu inapozungumza. Jana yake hisa zake zilikuwa na thamani ya yuani 100,000. Amezinunua kwa sehemu kubwa kwa fedha za dalali: anadaiwa 70,000. Kanuni za mikopo ya hisa za China za wakati huo zilitaka thamani ya hisa isishuke chini ya asilimia 130 ya deni. Ikishuka na mteja asiongeze dhamana, dalali ana haki ya kuziuza bila kuomba ruhusa. Asilimia 130 ya 70,000 ni 91,000. Huo ndio ukuta wake.

Soko limesimama kwa asilimia 5. Hisa zake ni 95,000. Ana dakika 15 za kufikiri, kama kanuni ilivyokusudia, naye anafikiri kweli. Likifunguliwa akauza, anaondoka na 95,000, analipa deni, anabaki na 25,000. Asipouza, na soko likagusa asilimia 7, hisa zake ni 93,000 na mlango umefungwa mpaka kesho. Kesho likifunguliwa chini kwa asilimia 3 tu, anashikilia 90,210. Ameshavuka ukuta; asipoongeza dhamana dalali anauza, na atauza wakati ambapo madalali wote wanauza. Huyu mtu huenda hakuwa na nia ya kuuza leo. Huenda anaamini kampuni yake ni nzuri. Kanuni imempa sababu ya kuuza ambayo saa moja kabla hakuwa nayo: si kwamba bei ni mbaya, bali kwamba uwezo wa kuuza una muda wa mwisho, na muda wenyewe unasogea kadiri wengine wanavyouza.

Hicho ndicho kinachoitofautisha breki ya soko na saa ya kufunga duka. Duka hufungwa saa mbili usiku hata kama wateja ni wachache au wengi. Lakini watangazie abiria wa Kigamboni kwamba leo kivuko kitasitisha safari pindi foleni ikifika watu 700, na kwamba sasa hivi wako 500. Hakuna atakayerudi nyumbani kungoja foleni ipungue. Wale waliokuwa wakinywa soda pembeni nao watasimama. Tangazo lenyewe ndilo litakaloifikisha foleni 700.

Zaidi ya asilimia 80 ya miamala ya hisa za China wakati huo ilifanywa na watu binafsi, wengi wakiwa hawana mchambuzi wala wakili, wana simu tu. Juu ya hapo, kanuni za China hazimruhusu mtu kuuza hisa siku ileile aliyoinunua. Kwa hiyo mnunuzi jasiri, yule ambaye mapumziko ya dakika 15 yalikusudiwa kumleta, alijua kwamba akinunua kwa punguzo la asilimia 5 hawezi kutoka leo kwa namna yoyote. Wauzaji waliongezewa haraka, wanunuzi wakapunguziwa hamu. Mwenye nia ya kusubiri na kununua alikuwa na akili kama angesubiri ile asilimia 7, au kesho.

Wachumi walikuwa wamelitabiri hili kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1994 Avanidhar Subrahmanyam alichapisha makala katika Journal of Finance akionyesha kwamba kizuizi kinachojulikana mapema kinaweza kuwafanya wafanyabiashara waharakishe mauzo yao, na hivyo kuzidisha mtikisiko na uwezekano wa kizuizi chenyewe kufikiwa. Wengine wakaliita jambo hilo mvuto wa sumaku. Baada ya mkasa wa Shanghai, Hui Chen na wenzake watatu walijenga kielelezo kamili zaidi na kufikia hitimisho la upande huohuo: bei zikikaribia kizuizi, mtikisiko huongezeka. Na Tume ya China, ilipokuwa inasitisha kanuni, ilikiri kwamba athari ya sumaku ilikuwepo na kwamba hasara za kanuni zimezidi faida zake, ingawa ilisisitiza kwamba kanuni haikuwa sababu kuu ya mporomoko.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata kalamu na karatasi hazikuhitajika. Jambo lilelile lilikuwa limetokea New York, karibu na vipimo vilevile, miaka 18 kabla.

Breki za Marekani zilizaliwa na Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987, kiashiria cha Dow Jones kilipopoteza asilimia 22.6 kwa siku moja. Tume iliyoongozwa na Nicholas Brady ikapendekeza mapumziko ya lazima, na mwaka 1988 yakawekwa kwa pointi: kusimama Dow ikishuka pointi 250, na tena kwa pointi 400. Wakati huo Dow ilikuwa karibu na 2,100, hivyo pointi 250 zilikuwa kama asilimia 12. Ni balaa la kweli, si siku mbaya tu. Lakini pointi hazikui pamoja na soko. Mwaka 1997 vizingiti vilipandishwa hadi 350 na 550, huku Dow yenyewe ikiwa imepanda zaidi ya mara tatu.

Tarehe 27 Oktoba 1997, katikati ya msukosuko wa fedha wa Asia, Dow ilianza siku ikiwa 7,715. Pointi 350 zilikuwa sawa na asilimia 4.5, pointi 550 zilikuwa 7.1. Pengo: asilimia 2.6. Kizingiti cha kwanza kilifikiwa saa 8:36 mchana kwa saa za New York, soko likasimama nusu saa. Lilifunguliwa saa 9:06 alasiri. Saa 9:30, dakika 24 baadaye, kizingiti cha pili kikaguswa na soko likafungwa kwa siku, nusu saa kabla ya wakati, likiwa chini kwa pointi 554. Kesho yake Dow ikapanda pointi 337. Wachunguzi wa mamlaka ya dhamana ya Marekani waliochambua siku hizo mbili waliona kwamba baada ya kufunguliwa, watu walikimbilia kuuza kwa hofu ya kufungiwa. Aprili 1998 vizingiti vikabadilishwa kuwa vya asilimia: 10, 20 na 30.

Asilimia 4.5 na 7.1 kule, 5 na 7 huku. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa.

Kwa upande mwingine, vipimo vipana vilijaribiwa Machi 2020, ugonjwa wa Uviko ulipoufunga ulimwengu. Soko la Marekani lilisimama kwa dakika 15 mara nne ndani ya siku nane za biashara: tarehe 9, 12, 16 na 18, kila mara likiwa limeshuka asilimia 7. Tarehe 12 lilifunga likiwa chini kwa asilimia 9.5, na tarehe 16 karibu asilimia 12. Zilikuwa siku za kutisha. Hata hivyo kizingiti cha asilimia 13 hakikuguswa hata mara moja. Siwezi kusema ni pengo la asilimia 6 ndilo lililosaidia; benki kuu ilikuwa inamwaga fedha wiki hizohizo. Ila mbio za dakika mbili kuelekea ukuta hazikuonekana.

Nirudi China, kwenye swali la haki: je, soko lisingeporomoka bila breki? Lingeporomoka. Kulikuwa na sababu za kutosha. Asubuhi ileile ya tarehe 7 benki kuu ilikuwa imepanga thamani ya yuani kuwa 6.5646 kwa dola moja, ikiishusha kwa asilimia 0.5 hivi, na kila mtu akajiuliza kama inashuka zaidi. Kisha kulikuwa na kinga nyingine, ya Julai 2015, iliyowakataza wenye zaidi ya asilimia 5 ya kampuni kuuza hisa zao kwa miezi sita. Miezi sita ilikuwa inaisha tarehe 8 Januari. Mwenye hisa ndogo alijua kabisa kwamba Ijumaa matajiri watafunguliwa mlango. Angefanya nini Alhamisi? Katazo lililozuia mauzo ya Julai liliyakusanya na kuyaandikia tarehe ya kalenda.

Na kulikuwa na ya tatu. Mwezi Septemba 2015, ili kuwabana waliodaiwa kucheza kamari dhidi ya soko, mamlaka zilipandisha dhamana ya mikataba ya mbeleni ya kiashiria hadi asilimia 40 kwa wasiojikinga, na kuhesabu zaidi ya mikataba 10 kwa siku kuwa biashara isiyo ya kawaida. Biashara ya mikataba hiyo ilianguka kwa zaidi ya asilimia 90. Meneja wa mfuko aliyezoea kujikinga kwa mikataba bila kugusa hisa zake alibakiwa na njia moja ya kupunguza hatari, nayo ni kuuza hisa zenyewe. Kinga tatu, kila moja na mantiki yake, zilikutana wiki moja.

Breki ilipoondolewa, takwimu zilizofuata ni za kuzitazama kwa makini. Tarehe 8 soko lilipanda asilimia 2 hivi. Tarehe 11 CSI 300 ikafunga chini kwa asilimia 5. Tarehe 26 Januari ikafunga chini kwa asilimia 6, na tarehe 25 Februari tena asilimia 6. Ni siku tatu ambazo breki, kama ingekuwepo, ingewaka. Bila breki, hakuna hata moja iliyofunga chini kwa asilimia 7. Kwa breki, mara mbili kati ya mbili ilifika, na kwa kasi. Ni sampuli ndogo, siku tano tu, na mtakwimu mkali angeikataa. Mimi ningependa angalau aieleze. Wakati huohuo, Januari yote Shanghai ilipoteza karibu asilimia 23, ambayo karibu nusu yake ilikuja baada ya kanuni kuzikwa. Kiti cha mwenyekiti wa Tume, Xiao Gang, kilipata mtu mwingine tarehe 20 Februari.

Kuna aina nyingine ya breki, ile inayosimamisha hisa moja moja badala ya soko zima, nayo ina madhara ya kwake ambayo hayahitaji hofu ya mtu yeyote. Tarehe 24 Agosti 2015, Marekani ilifungua soko kwa mshtuko uliotoka Asia. Breki za hisa moja moja ziliwaka mara 1,278 kwa hisa na mifuko 471. Kuna mifuko inayouzwa sokoni kama hisa, ambayo bei yake hutokana na hisa zilizomo ndani. Zile za ndani zikisimamishwa, hakuna anayejua mfuko una thamani gani, na wanunuzi wa kitaalamu wanaoshikilia bei wanajitoa. Mfuko mmoja mkubwa wa iShares unaofuata kiashiria cha S&P 500 ulianguka kwa asilimia 26 asubuhi ile, ilhali S&P 500 yenyewe ilikuwa chini kwa asilimia 5 na kidogo. Aliyekuwa ameacha agizo la kuuza kwa bei yoyote angeweza kuondoka na asilimia 74 tu ya mali yake, na dakika chache baadaye bei ikarudi. Breki ilifanya kazi yake sawasawa kwa kila hisa. Jumla yake ndiyo iliyokosa akili.

Nairobi pia wana breki zao. Hisa moja kwenye Soko la Hisa la Nairobi haiwezi kwenda zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko, biashara ilisimamishwa baada ya kiashiria cha NSE 20 kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Katika soko ambalo hisa nyingi hupitisha siku nzima na miamala michache, kizuizi na ukosefu wa wanunuzi ni vigumu kuvitenganisha.

China iliyazika mapumziko ya soko zima lakini ilibaki na kizuizi cha asilimia 10 kwa hisa moja, kilichokuwepo tangu Desemba 1996. Nacho kilifundisha watu mbinu. Wei Xiong wa Princeton na wenzake walipitia kumbukumbu za akaunti za Shenzhen wakakuta kwamba wawekezaji wakubwa hununua hisa siku inapogonga dari ya asilimia 10 kwa kupanda, kisha huiuza kesho yake kwa wawekezaji wadogo wanaovutiwa na habari ya hisa iliyogonga dari. Baadaye bei hurudi chini. Dari iliyowekwa kumlinda mwekezaji mdogo ilikuwa imegeuka tangazo la kumwita. Kwa soko la ChiNext la Shenzhen, kuanzia tarehe 24 Agosti 2020, dari hiyo iliongezwa mara mbili hadi asilimia 20, na hisa mpya zikaachwa bila dari kabisa kwa siku tano za kwanza.